Ya Tumbo au ya Glasi

Awuor tulimzika mwezi uliopita, kwao kule chini karibu na ziwa, na mimi sikulia. Wanawake wa kanisa nilioenda nao kutoka Sotik walinitazama wakasema huyu ni mama mgumu. Wacha waseme. Nililokuwa nalo kifuani halikuwa la kulia. Kaburi lilipofunikwa tukaketi chini ya turubai, tukaletewa wali na nyama, na mdogo wake anayeitwa Adhiambo akaja kukaa karibu nami, akaanza kuzungumza vile watu huzungumza wakishachoka na kilio. Akaniambia dada yake alikuwa na sahani yake. Sahani ya bati, na kikombe chake, na kijiko chake, vinaoshwa peke yake na kuanikwa peke yake juu ya ua. Tangu arudi kutoka kuchuma majani chai miaka ile ya tisini, akiwa msichana wa miaka ishirini na moja, hakuna mtu pale nyumbani aliyekula naye kwa bakuli moja. "Mama alimlisha akijua analisha maiti," Adhiambo akasema, "na maiti ikakataa kufa. Baadaye akapimwa, mara mbili, mara tatu. Hakuwa na ugonjwa wowote. Lakini watu wakishasema, wamesema. Na hata angekuwa nao, si madaktari walituambia sahani haina makosa?" Nikasema ndiyo, sahani haina makosa. Nikaweka wali chini. Sahani hiyo mimi ndiye nilimpa. Sikumpa kwa mkono, nilimpa kwa mdomo, na nataka kuandika vile ilikuwa kabla na mimi sijafukiwa.

Vile nilifika kempi ya wachuma chai kule Kericho na kwa nini niliacha kwetu, hayo hayasaidii mtu. Nilikuwa na miaka ishirini, shule niliachia darasa la tano, na mkono wangu ulikuwa mwepesi kwa majani. Nilipewa nyumba ya laini, zile safu za nyumba za wafanyakazi, pamoja na msichana mwingine ambaye hajaolewa, na huyo ndiye Awuor. Nyumba yenyewe ni chumba kimoja: kitanda changu upande wa mlango, chake upande wa dirisha, leso imetundikwa kwa kamba katikati, na meza ambayo mguu mmoja ulishikiliwa na tofali. Ukutani tulikuta kalenda ya zamani ya mafuta ya kujipaka. Ilikuwa na mwanamke mwembamba amevaa suruali nyeupe, kiuno kama cha nyigu, ameshika glasi ya kitu chekundu. Tarehe zilikuwa zimekwisha lakini hatukuitoa. Jioni mimi nikisonga ugali na Awuor akikata mboga tulikuwa tunamsengenya. "Huyu hajawahi kubeba kikapu," Awuor anasema. "Akibeba anakatika," mimi nasema. Miezi ya kwanza tulikula kama watu wanaofanya kazi. Tulikwangua sufuria mpaka ukoko. Nilikuwa msichana mkubwa, mabega na nyonga, na nyumbani hakuna aliyewahi kuniambia hiyo ni aibu. Kwetu msichana wa mwili alikuwa heshima ya mama yake.

Halafu mvua kubwa ikashuka, majani yakawa mengi, na kwenye kibanda cha kupimia majani tukawa tunangoja mizani mpaka saa kumi na moja. Ile mizani ilikuwa na uso kama saa ya ukutani, imening'inizwa kwenye boriti, na ndoano chini. Karani alikuwa mtu wa maneno. Siku hiyo majani yangu yalipopimwa akaniangalia juu mpaka chini akasema, "Chebet, hebu na wewe uning'inie, tujue kampuni inalisha nini hapa." Watu wakacheka. Nikadhani ni mchezo, nikashika ndoano kwa mikono miwili nikainua miguu. Mshale ukakimbia. Karani akapiga mluzi. "Magunia mawili na bado! Na nimetoa kilo mbili, moja ya gunia, moja ya maji ya mvua!" Maana hiyo ndiyo ilikuwa desturi, kila mzigo unakatwa. Nyapara akasema, "Usivunje mizani ya watu, ng'ombe wewe, shuka." Na nyuma ya nyapara alikuwa amesimama Kiplangat, kijana aliyeendesha trekta ya kubeba majani, ambaye mimi nilikuwa nimeanza kuchagua kitambaa cha kichwa kwa sababu yake. Yeye hakucheka. Aliangalia viatu vyake. Ningeona afadhali angecheka.

Kicheko kama hicho mtu akikuchekea leo unakisikia kesho ukiinama kuosha uso. Usiku ule sikula. Awuor akasema, "Aa, Chebet, unaacha ugali kwa sababu ya mdomo wa karani? Yule mwenyewe tumbo lake ni la miezi saba." Lakini na yeye alipitisha mkono kiunoni pake, nikamwona. Jumamosi jioni, karani alipokwisha kwenda, tulirudi kibandani wawili, tukaning'inia kwa zamu, mmoja akisoma mshale. "Toa mbili," Awuor akasema, "moja ya gunia, moja ya maji." Tukacheka mpaka tukakaa chini. Tukawa tunaenda kila Jumamosi. Mshale ukirudi nyuma kidogo tunapigana makofi ya mikono. Ukikaa mahali ulikuwa, tunarudi nyumbani kimya kama watu waliotoka kuhukumiwa.

Pombe ilikuja kwa sababu ya njaa, na hilo vijana hawanielewi nikisema. Wanafikiri mtu anakunywa kwanza halafu anasahau kula. Sisi tulikuwa na njaa kwanza. Ng'ambo ya kijito, nje ya mpaka wa shamba, kulikuwa na mama mmoja tulimwita Mama Tabitha, anapika busaa nyuma ya nyumba. Kwetu pombe ilikuwa ya wazee waliokaa kuzunguka chungu na mirija mirefu, msichana hasogei. Kwa Mama Tabitha msichana alisogea kama ana kikombe chake. Kikombe kimoja kwa tumbo tupu kilinipeleka mahali ambapo vitatu havikumfikisha aliyekula. Njaa ikanyamaza. Aibu ikanyamaza. Nikawa naweza kucheza kaseti ikiwekwa, na mabega yangu nikayasahau. Awuor ndiye alitunga sheria. Tukitoka shambani ananiuliza, "Leo ni ya tumbo au ya glasi?" Nikisema ya tumbo, tunapika. Nikisema ya glasi, jiko haliwashwi. Hazichanganywi. Mwanzoni ya glasi ilikuwa Jumamosi. Halafu Jumamosi na Jumatano. Mama Tabitha mwenyewe alitukaripia. "Nyinyi wasichana, kunyweni mkiwa mmekula. Hii kitu itawashika." Awuor akamjibu, "Mama, busaa si ni chakula? Si ni mahindi na wimbi? Sisi tunakula saa hii." Watu wakampigia makofi. Mimi nilisema kitu na hao wa kwao Awuor ziwani wakanicheka kwa sababu nilisema "pusaa" vile kwetu tunatamka, na mimi pia nikacheka. Siwezi kudanganya, kulikuwa na furaha. Wanaosema hakukuwa na furaha hawajawahi kunywa.

Sasa sikilizeni ujinga wetu. Mwanamke mmoja wa laini alisema mbele yetu kwamba busaa inanenepesha, ndiyo maana karani ana lile tumbo; uji ni uji hata ukichacha. Tukaenda kufikiri. Tukaona ni kweli, busaa ni nzito, unaitafuna karibu. Lakini chang'aa ni nyeupe, unaona chini ya glasi, haina kitu ndani. Kitu kama maji kitamnenepesha nani? Ndivyo tuliacha ile iliyokuwa angalau na nafaka, tukashika ile ya kuchoma koo, na tukajiona wajanja. Nimekaa na ujinga huo miaka mingi nikiugeuza. Hakuna aliyetulazimisha. Hakuna mwanaume aliyetushikia glasi. Tulikuwa wasichana wawili wenye akili timamu, tunapiga hesabu ya uji na maji katikati ya mistari ya chai.

Mwezi wa nane mvua ya mawe ikapiga. Wanaoishi Kericho wanaijua: dakika ishirini, na kilima kizima cha majani kinabaki vijiti. Hakuna kuchuma mpaka kichipue tena. Tulikaa zaidi ya wiki bila kazi, na zile siku zote zilikuwa za glasi. Mimi nilikuwa na mwili wa kuliwa, kama ng'ombe aliyeingia kiangazi na nundu. Awuor hakuwa nao. Alikuwa mwembamba tangu mwanzo; alichokuwa anapunguza sijui ni nini. Nilimwambia siku moja, "Awuor, wewe acha, wewe umefika." Akasimama mbele ya kalenda, akajipima na yule mwanamke, akasema, "Bado hapa," akajifinya tumbo ambapo hapakuwa na kitu ila ngozi. Damu yake ya mwezi ilikuwa imekatika, na yangu pia. Tuliogopa mimba wiki moja, kisha tukaacha kuogopa. Nywele zikawa zinabaki kwenye kitana. Asubuhi nilikuwa namsikia nyuma ya leso akitapika maji matupu, halafu anaimba kidogo ili nidhani anaosha uso.

Miaka hiyo ilikuwa mibaya kwa mtu kukonda. Siku hizi mnakonda mnapigwa picha. Wakati ule ukikonda watu walihesabu mazishi. Kila laini ilikuwa na nyumba iliyofungwa madirisha mchana, na hakuna aliyetaja jina la ugonjwa. Walisema tu "ile kitu". Tulitaka kupunguza miili ili tupendwe, na watu wakaanza kutukimbia. Kisimani mwanamke alikuwa anamvuta mtoto wake Awuor akimshika kichwa. Kwa Mama Tabitha alipoweka glasi chini, ilienda kuchemshwa. Na mimi mabega yangu yalikuwa yamekwisha, uso umebaki meno. Macho yalianza kunifuata na mimi. Ndipo Kiplangat, yule wa trekta, alinipata njiani, akaniambia bila kuzungukazunguka kwamba amesema jina langu nyumbani kwao Bomet, na kabla ya wazee kuja kuposa, shangazi yake atakuja kuniangalia. Sisi shangazi tunamwita senge, na senge akikukataa, hata uwe malaika umekataliwa. Nikamuuliza, "Ulianza kunipenda lini?" Akasema, "Siku ile ya mizani. Nilitaka kumpiga karani nikaogopa kazi." Mwili nilioutupa ndio aliokuwa ameutaka.

Awuor alianguka kabla senge hajafika. Tulikuwa mstari mmoja. Nilisikia kikapu kikigonga, nikageuka, nikaona majani yamemwagika na yeye amelala juu yake kama amechoka tu. Tukampeleka dispensari kwa trekta. Sista wa pale alikuwa mama mnene mwenye miwani, hana mchezo. Alimshika mkono, akamvuta jicho, akanusa, akaniangalia mimi muda mrefu kuliko alivyomwangalia mgonjwa. "Nyinyi mnakula?" Nikasema tunakula. "Mnakula nini?" Nikasema ugali. "Jana mlikula ugali?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Mimi naona msichana mwenye njaa. Hapa, katikati ya chakula. Sijui mnafanya nini lakini niambie, nimtibu." Mlangoni nyapara alikuwa anangoja na watu wawili wa laini. Kama nikisema tunashinda kwa Mama Tabitha, kazi imekwisha sote wawili, na kabla ya Jumapili Bomet wamejua. Nikanyamaza. Akampa maji kwa mshipa wa mkono, akaandika barua apelekwe hospitali ya Kericho kupimwa. Barua hiyo niliiweka chini ya godoro. Awuor alisema hataki kwenda, na mimi sikumbembeleza.

Senge alikuja Jumapili baada ya kanisa. Mama mrefu, kitambaa kimefungwa kwa nguvu, amebeba kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya kugandisha. Awuor alikuwa nyuma ya leso, amelala au hajalala sijui. Tukasalimiana, chamgei, chamgei mising, nikamkaribisha kitandani kwangu kwa sababu kiti hakikuwapo. Akaangalia sufuria. Akaangalia kalenda. Akaniangalia.

"Kiplangat alituambia msichana ni wa mwili. Huu mwili uko wapi?"

Nikasema, "Silali, senge. Ninauguza. Mwenzangu ni mgonjwa, nikimwona chakula hakishuki."

"Anaugua nini?"

"Sijui, senge. Anakonda tu."

"Anakonda tu," akarudia polepole. "Anakohoa?"

Hakuwa anakohoa. Nikaangalia chini.

"Na alikuwa na wanaume?"

Awuor hakuwa na mwanaume hata mmoja. Alikuwa anaogopa hata kushikwa mkono kwenye dansi. Mimi nililijua hilo kuliko mtu yeyote duniani, na nikaendelea kuangalia chini. Kwetu mtoto wa kike akiulizwa jambo la aibu akainamisha kichwa, amejibu. Senge akavuta pumzi. Sauti yake ikawa laini ghafla, ya mama, na ulaini huo ndio uliniumiza. "Masikini. Wewe una moyo mzuri. Lakini usioshe nguo zake pamoja na zako. Na hii," akanimiminia mursik, "ni yako peke yako. Kikombe chako kiwe chako." Akakaa mpaka nikamaliza, akaondoka ameridhika. Njiani alisimama kuongea na wanawake kisimani. Hakuongea kwa ubaya. Aliwaambia walio na watoto wajiangalie.

Ilichukua siku mbili. Hakuna aliyeleta kuni. Nyapara akaja akasimama mbali na mlango, akasema huyu aitiwe watu wake. Nilimpikia uji, tumbo lake na koo lake vikaukataa. Akimeza vijiko viwili anavirudisha. Alikuwa amesahau kula kama mtu anavyosahau lugha. Aliniuliza, "Chebet, mbona hawaji kuniona?" Nikamwambia wako na majani mengi. "Mawe yalipiga majani," akasema. Nikamwambia yamechipua. Usiku huo na mwingine nilikaa nikijiambia kesho nitaenda kwa sista. Kesho ilikuwa inafika na mimi naenda kuchuma.

Mama yake alifika asubuhi ya siku ya nne, mwanamke mfupi wa kanisa, kitambaa cheupe kichwani, mguu mmoja umevimba kwa safari. Alipitia dispensari kwanza. Alipoingia alimfunua binti yake shuka, akamfunika tena, hakupiga kelele. Akanigeukia. "Wewe ndiye Chebet. Aliandika jina lako kwa barua. Nyathina, mtoto wangu, kaa hapa uniambie. Huko nje wananiambia maneno ya kutisha. Lakini sista amesema nikuulize wewe unayelala naye. Huyu alikuwa anakula? Kama hakuwa anakula, hiyo ni kazi ya mama, hiyo naiweza. Nitampa uji kidogo kidogo kama mtoto, atarudi. Lakini kama alikuwa anakula na bado amekuwa hivi, basi nijue ninampeleka nyumbani kungoja."

Alikuwa ameshika mkono wangu. Nilisikia vifundo vya vidole vyake. Ilikuwa rahisi. Neno moja tu, hapana.

"Alikuwa anakula, mama," nikasema. "Tulikuwa tunakula pamoja kila siku."

Awuor alifungua macho. Aliniangalia, si kwa hasira. Kama mtu anayesoma maandishi yaliyo mbali. Nikangoja aseme. Labda na yeye aliona afadhali mama yake wa kanisa asikie ugonjwa kuliko asikie chang'aa. Nimejipa sababu hiyo miaka yote. Lakini yeye alikuwa nyuma ya leso siku ya senge, na alijua wazee wa Bomet wanakuja.

"Ni kweli, mama," akasema. "Chebet alikuwa ananipikia vizuri."

Mama akatikisa kichwa mara nyingi, akakaa. Baadaye akafungua kikapu, akatoa kitu kilichofungwa kwa majani ya ndizi, samaki mzima wa kukaushwa kwa moshi, amepikwa na mchuzi tayari, na ugali mweusi wa mtama. Akamsogezea Awuor mdomoni. Awuor akageuza uso ukutani. Mama akangoja, akajaribu tena, kisha akapangusa vidole. "Chakula nilichobeba kwa mgonjwa hakirudi nyumbani," akaniambia. "Kula wewe, nyathina. Wewe uliyemchunga."

Sisi kwetu hatukuwa watu wa samaki. Bibi yangu alisema ni nyoka wa majini, na sikuwahi kumweka mdomoni. Lakini huko nje watu walikuwa wanapita polepole wakiangalia mlangoni, na mimi nilitaka waone kuna mmoja ndani ya nyumba hii anayekula. Nikaanza na tumbo la samaki, nikaenda mgongoni, nikala ngozi. Mama yake akanionyesha namna ya kupasua kichwa na kutoa nyama ya shavu, akaniambia hiyo huwa ni ya mtoto anayependwa. Awuor alikuwa amegeuka tena, ananiangalia nikitafuna. Sikuwa nimekula chakula kizima tangu mvua ya mawe. Kilikuwa kitamu. Nilikimaliza chote.